Vyuo vya Nairobi ni Vyetu Pia

(Haya ni maneno yaliyosemwa na fundi mmoja wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi, hapa Nairobi. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamuni siku hiyo.)



Kamati imeniomba niseme juu ya vyuo vya Nairobi na viungani mwake. Najua wengine watashangaa. Watauliza, mtu aliyesoma shule ya msingi ya misheni, kisha akaingia karakana kushika spana, anajua nini habari za vyuo vikuu? Nami nawajibu kwamba nimeombwa kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu wa chuo angetueleza chuo kilivyo ndani. Mimi nitaeleza mlango ulivyo kwa nje, pale tunaposimama sisi wazazi na wafanyakazi. Nimeuliza, nimesoma, nimekwenda katika ofisi zao nikapanga foleni, na haya ndiyo niliyoyapata.

Neno langu kubwa ni moja tu. Vyuo vingi tunavyoviona hapa Nairobi, vyenye majina makubwa na majumba marefu, vilianzishwa kwa ajili ya kufundisha watu wa kazi: fundi, karani, bwana shamba, mwalimu, mtu wa simu, mtu wa reli. Baadaye vilikua vikaitwa vyuo vikuu. Basi mfanyakazi asivitazame kama nyumba ya mgeni. Lakini tena, kusema kitu ni chetu hakutoshi. Hapana budi tujue mlango upi ni wa nani, funguo zake ni zipi, na nani anazishika.

MWANZO WA VYUO HIVI

Kwanza tukumbuke mji wenyewe ulivyoanza. Reli ilifika hapa mwezi wa Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa. Hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda wa nyasi na maji baridi, ambayo Wamaasai ndio walioyapa jina tunalolitumia mpaka leo. Wenye reli waliweka hapa bohari na karakana kabla ya kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Mji ukaota kando ya karakana. Na mahali penye karakana panahitaji mafundi, na mafundi hapana budi wafundishwe.

Chuo cha kwanza chenye sifa katika Afrika Mashariki hakikuwa Nairobi, kilikuwa Makerere, kule Uganda. Leo ukitaja Makerere watu hufikiri juu ya madaktari na maprofesa. Lakini mwaka 1922 kilipofunguliwa kilikuwa na wanafunzi 14 tu, waliokuja mchana na kurudi kwao jioni, na walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza na randa na nyundo.

Hapa kwetu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ilianzisha chuo cha ufundi Kabete, na chuo hicho kipo mpaka leo kwa jina la Kabete National Polytechnic. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School, pia huko Kabete, ya kufundisha walimu wa kuzunguka vijijini. Pale penye Jeanes School, mwaka 1961 pakawa chuo cha maofisa wa Serikali, na leo panaitwa Kenya School of Government. Mafunzo ya wauguzi na wasaidizi wa hospitali, yaliyozaa chuo tunachokijua kwa jina la KMTC, yalianza mwaka 1927. Mwaka 1948 watu wa posta na simu walipata shule yao ya kazi, na shule hiyo ndiyo iliyokua mpaka ikawa Multimedia University, kule Mbagathi. Watu wa vyama vya ushirika walianza mafunzo yao mwaka 1952, na chuo chao cha Karen kilipata kuitwa chuo kikuu mwaka 2016.

Na sisi watu wa reli tulipata chuo chetu mwaka 1956, pale South B. Kilijengwa kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kimefundisha madereva wa garimoshi, magadi, watu wa ishara na mafundi wa njia. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, lakini chuo hakikufa. Mtu asiseme basi kwamba watu wa reli hawana historia ya elimu. Tunayo, na milango yake iko mwendo mfupi kutoka nyumba tunazokaa.

CHUO KIKUU CHA NAIROBI

Sasa nije kwa Chuo Kikuu cha Nairobi, maana ndicho watu wanachokiogopa kuliko vyote. Mwanzo wake ulikuwa chuo cha ufundi, nacho kiliitwa Royal Technical College. Hati yake ilitoka mwaka 1951, jiwe la msingi likawekwa mwaka 1952. Wakati huo huo Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakichanga fedha ili wajenge chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, aliyeuawa mwaka 1948. Wakaona haifai kujenga vyuo viwili vya namna moja katika mji mmoja. Mwaka 1954 wakaunganisha fedha zao na chuo kile, na mwaka 1956 kikafungua milango kwa wanafunzi wa rangi zote. Tukumbuke hali ya siku zile. Shule zilikuwa mbalimbali, hospitali mbalimbali, hata mabehewa yetu ya treni yalikuwa mbalimbali. Chuo kilichofunguliwa kwa wote halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1961 kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha London, kikaanza kufundisha kwa ajili ya digrii za London. Mwaka 1963 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam wakawa pamoja katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Waligawana kazi kama vile sisi tunavyogawana zamu: anayetaka udaktari aende Makerere, anayetaka sheria aende Dar es Salaam, anayetaka uhandisi, usanifu wa majumba au udaktari wa wanyama aje Nairobi. Mwaka 1970 kila mmoja akashika njia yake, na chuo chetu kikaitwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kwa nini nimeeleza jambo hili kwa urefu? Kwa sababu lina mafundisho mawili kwa chama cha wafanyakazi. La kwanza, digrii ilikuja baada ya ufundi. La pili, watu waliounganisha michango yao walipata nafasi ya kusema chuo kiwe cha namna gani. Asiyechanga na asiyesema hujengewa mlango na wengine, kisha hulalamika kwamba ni mwembamba.

VILIVYOFUATA

Baada ya hapo vyuo viliongezeka. Kenya Polytechnic ilianza mwaka 1961, upande wa barabara ya Haile Selassie, mwendo wa miguu tu kutoka stesheni kuu. Mafundi wengi wazee wa karakana za mji huu walipitia pale. Mwaka 2013 ikawa Technical University of Kenya. Kahawa palikuwa na kambi ya askari wa Kiingereza. Mwaka 1965 majengo yale yalitolewa yawe chuo, kikaitwa Kenyatta College, kikafundisha walimu, na mwaka 1985 kikawa Kenyatta University. Kule Juja, mwaka 1981, kilifunguliwa chuo cha kilimo na teknolojia kwa msaada wa Wajapani, nacho kikawa chuo kikuu mwaka 1994. Ndicho JKUAT.

Viko pia vya watu binafsi na vya makanisa. Strathmore ilianza mwaka 1961, nayo ilichukua wanafunzi wa rangi zote tangu siku ya kwanza. Watu wa hesabu za fedha wanaijua sana. Daystar ilipata hati ya chuo kikuu mwaka 1994, USIU mwaka 1999. Thika kuna Mount Kenya University. Na tusisahau vyuo vya harambee vya miaka ya 1970, kama kile cha Kiambu, ambavyo wananchi walivijenga kwa mbuzi, kuku na shilingi mbilimbili.

Ukitazama ramani utaona jambo moja. Vingi vya hivi viko karibu na njia ya reli. Treni ya Ruiru inapita Githurai na Kahawa. Njia ya kwenda Limuru inapita Kikuyu. Kila asubuhi twawabeba wanafunzi. Twawaona na vitabu vyao, wamelala wakiwa wamesimama kwa uchovu. Swali langu ni hili: katika hao tunaowabeba, wa kwetu ni wangapi?

NGAZI INAPOPANDA

Yako mambo mawili katika historia hii, jema na la kuangalia.

Jema ni kwamba chuo kidogo kikikua, mtoto wa fundi anaweza kuingia kwa cheti na kutoka na digrii bila kuhama mji. La kuangalia ni hili. Chuo kikipata jina la chuo kikuu, macho ya wakubwa huenda juu. Digrii inapewa kiti cha mbele, na kozi ya ufundi inasogezwa nyuma. Wazazi nao wakafuata. Siku hizi mtu akisema mtoto wake anasoma digrii, watu wanapiga makofi. Akisema anasoma uchomeleaji wa vyuma, watu wananyamaza, kana kwamba amesema mtoto ni mgonjwa.

Ndugu zangu, ni sisi tunaonyamaza! Sisi tunaojua kwamba injini haitengenezwi kwa makofi. Kama mfanyakazi mwenyewe anaidharau kazi ya mikono, tajiri ataiheshimu kwa sababu gani? Kisha tunakwenda mezani kudai nyongeza ya mshahara wa fundi, hali nyumbani tumewaambia watoto kwamba ufundi ni kazi ya aliyeshindwa.

Sisemi kwamba mtoto wa mfanyakazi asisome digrii. La, hasha. Mwenye alama na aende, na tawi lisimame naye. Ninalosema ni kwamba ngazi ina vidato vingi, na anayeruka kidato kwa ajili ya sifa huanguka na karo ya baba yake.

Vidato vyenyewe ni hivi. Kwa mtoto aliyefanya mtihani wa KCSE, kwa kawaida digrii inataka wastani wa C na alama ya kujumlisha. Diploma inataka C ya kutoa. Cheti cha ufundi kinataka D. Na aliye chini ya hapo bado anayo nafasi ya mafunzo ya fundi wa mwanzo. Hapana mtoto wa kutupwa. Mwenye cheti akifaulu anapanda diploma. Mwenye diploma anaweza kuomba digrii, na viko vyuo vinavyomhesabia masomo aliyokwisha kuyapita asiyarudie. Huo ni mwendo mrefu, lakini njiani mtu ana kazi mkononi, na anaweza kujilipia sehemu ya karo.

Nafasi za vyuo vya Serikali, vikuu na vya ufundi, zinagawanywa na KUCCPS. Mikopo inatolewa na HELB, nayo siku hizi inawafikia hata wa vyuo vya ufundi, si wa vyuo vikuu peke yao. Wazazi wengi hawalijui jambo hilo. Lakini kumbukeni, mkopo ni deni. Mtoto atalilipa akipata kazi, kwa hiyo aandike jina lake hapo akijua.

WATU WANAOUZA MAKARATASI

Sasa naomba msikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo jasho letu linapopotea.

Mji huu umejaa vibao vya vyuo. Vingine ni vyuo vya kweli, vina walimu, vina vyombo, vina heshima. Vingine ni vyumba viwili juu ya duka, kiti cha plastiki na mhuri. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku, jina lake silitaji, alimpeleka binti yake katika chuo cha namna hiyo. Aliuza ng'ombe wawili nyumbani. Binti alisoma miaka miwili, akapewa cheti kizuri chenye dhahabu pembeni. Alipokwenda kuomba kazi, karani alikitazama cheti, akampigia simu mtu mmoja, akakirudisha. Hakikuandikwa mahali popote. Ng'ombe wamekwenda, miaka imekwenda, na yule binti ameanza upya.

Hakuwa mjinga mwenzetu yule. Hakuambiwa. Basi leo nawaambia. Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya karo, ulizeni maswali manne.

Swali la kwanza: chuo hiki kimeandikishwa na nani? Kama kinajiita chuo kikuu, kiwe katika orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kama ni chuo cha ufundi, kiwe katika orodha ya TVETA. Orodha hizo ziko wazi kwa kila mtu. Msikubali kuambiwa "tuko njiani kuandikishwa." Aliye njiani hajafika.

Swali la pili: kozi hii yenyewe imekubaliwa? Chuo chaweza kuwa halali na kozi moja ndani yake isiwe halali.

Swali la tatu: mtihani unatungwa na nani, na cheti kinatolewa na nani? Mara nyingi cheti cha ufundi cha kweli hutoka kwa mtahini wa taifa, hakipigwi chapa na mwenye chuo peke yake.

Swali la nne: vyombo viko wapi? Mwambie akuonyeshe. Wewe ni fundi, hudanganyiki. Chuo cha umeme kisicho na nyaya, na chuo cha umakanika kisicho na injini hata moja, ni duka la maneno.

SISI TULIO WAKUBWA

Nimesema juu ya watoto. Sasa niseme juu yetu wenyewe.

Wako wanaosema, mimi nina miaka thelathini na kitu, nina watoto watatu, siku zangu za shule zimekwisha. Mimi mwenyewe ni wa umri huo, kwa hivyo nitajibu kama mwenzao.

Tutazame mfano wa Tom Mboya. Watu wanamkumbuka kama waziri aliyeuawa mwaka 1969, lakini alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi kwanza. Alisoma shule za misheni, akaacha masomo ya sekondari kwa sababu karo ilikosekana. Akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya hapa Nairobi, na sehemu ya mafunzo ilikuwa katika Jeanes School ile ile niliyoitaja. Akaajiriwa na halmashauri ya mji, akaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1955 akaenda Ruskin College, kule Oxford, kwa mwaka mmoja. Ruskin kilikuwa chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa shule, nacho kilianzishwa mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi. Aliporudi hakufunga mlango nyuma yake. Alikuwa mmoja wa waliopanga safari ya ndege ya mwaka 1959, iliyochukua vijana 81 kwenda kusoma Marekani. Na vyama vyenyewe vilipata chuo chao Kampala mwaka 1958, baadaye COTU ikajenga chuo cha wafanyakazi Kisumu chenye jina la Mboya huyo huyo. Basi elimu ya mtu mzima si jambo geni katika vyama vyetu. Ni desturi yetu ya tangu zamani.

Wapo kati yetu wanaojua kazi miaka kumi na tano bila karatasi. Kijana anakuja na diploma, wanamfundisha wao, mwezi wa pili yeye ndiye msimamizi wao. Uchungu huo naujua, na ninyi mnaujua. Lakini ziko dawa. Kuna majaribio ya ufundi ya Serikali, gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, yanayosimamiwa na NITA, ile Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Mtu anapimwa kwa kazi ya mkono wake. Na miaka hii ya karibuni Serikali imeweka mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, ili apewe cheti bila kurudi kukaa darasani kama mtoto. Ukiwa na gredi, unaweza kuitumia kuombea kozi. Mwenye shoka hakosi kuni; lakini katika siku hizi, shoka nalo linaulizwa cheti.

Yako pia masomo ya jioni. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza mwaka 1998 kuwapokea watu wanaojilipia, wengi wao wafanyakazi wanaosoma baada ya kazi. Vyuo vingine vikafuata. Ni ghali, sitawaficha. Lakini ubaya mkubwa kwetu si karo peke yake. Ubaya ni zamu. Mtu atasomaje jioni, na wiki hii yuko mchana, wiki ijayo yuko usiku?

FEDHA AMBAYO TAYARI INALIPWA

Hapa nafika jambo ambalo nataka kila mtu arudi nalo nyumbani.

Iko sheria inayomtaka mwajiri alipe ushuru wa mafunzo kwa NITA. Kiasi chake ni shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Shilingi hizo hazikatwi katika mshahara wako. Ni za mwajiri. Na mwajiri akiwapeleka wafanyakazi wake katika mafunzo yaliyokubaliwa, anaweza kudai arudishiwe gharama kutoka katika mfuko huo.

Tufanye hesabu ya mfano. Mwajiri mwenye wafanyakazi 200 hulipa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Akinyamaza asipeleke mtu, fedha hiyo imekwenda, na hakuna hata mmoja wa wale 200 aliyejifunza kitu. Akipeleka watu, wafanyakazi wanapata ujuzi, naye anarudishiwa. Basi anayenyamaza anapoteza, na sisi tunapoteza pamoja naye. Ndiyo maana nasema jambo hili si ugomvi na mwajiri. Ni kumkumbusha yaliyo faida yake na yetu.

MAOMBI YANGU KWA TAWI

Bwana Mwenyekiti, sitaki maneno haya yaishe kwa makofi. Naomba kamati izungumze juu ya mambo manne.

1. Kamati imwandikie mwajiri, kwa adabu, iulize ushuru wa mafunzo unatumikaje, ni wafanyakazi wangapi waliopelekwa mafunzo mwaka uliopita, na walichaguliwa kwa njia gani. Yule anayechaguliwa asiwe mpwa wa msimamizi kila mara.

2. Katika mapatano yetu yajayo na mwajiri, tutie kifungu cha masomo. Mfanyakazi aliyeandikishwa chuo halali apangiwe zamu inayomwezesha kuhudhuria, na apewe siku za mtihani. Tena, anayefaulu gredi au diploma, karatasi hiyo ihesabiwe katika daraja lake la mshahara. Kusoma bila kupandishwa ni kupanda mahindi barabarani.

3. Tawi liwe na ubao wa vyuo. Mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kubandika tarehe za kuomba nafasi KUCCPS, tarehe za mikopo ya HELB, na siku za majaribio ya ufundi. Watoto wetu wengi hawakosi nafasi kwa ujinga. Wanakosa kwa kuchelewa siku tatu. Na mzazi asiyejua chuo fulani ni halali au si halali aulize kwenye ubao huo kabla ya kuuza ng'ombe.

4. Chama chetu cha akiba na mikopo kitazame kama kinaweza kuwa na mkopo wa karo wenye faida ndogo, ulipwe moja kwa moja kwa chuo, usipitie mfukoni mwa mtu. Mnacheka, lakini mnajua nina maana gani.

Na neno la mwisho ni la wasichana. Wengine hapa bado wanafikiri kwamba karo ikiwa kidogo, kijana wa kiume aende na msichana akae. Katika treni zetu siku hizi wako wanawake wanaoendesha, wako wanaokagua, wako wahandisi. Mwenye kumwacha binti nyumbani kwa sababu ni binti amepunguza nguvu ya nyumba yake kwa nusu.

Ndugu zangu, Wahindi walichanga wakapata nafasi katika chuo. Wananchi wa Kiambu walichanga wakapata chuo. Sisi hatuna haja ya kuanza kujenga ukuta. Kuta zimekwisha jengwa, na fedha za mafunzo zinalipwa kwa majina yetu kila mwezi. Kazi yetu ni kuuliza, kuandika barua, kufuata jibu, na kuwasimamisha watoto wetu na sisi wenyewe katika foleni inayofaa, kwa siku inayofaa, na karatasi zinazofaa mkononi.

Nimesema yale ninayoyajua.  Sasa Mwenyekiti akiruhusu, napokea maswali, na ningependa tuanze na dada zetu kule nyuma ambao wamenyamaza tangu mwanzo.

Umoja na udumu.